Mwanya wa usalama katika programu

Mwanya wa usalama katika programu ni kosa la uandishi au la upangaji wa programu ya kompyuta linalomwezesha mtu asiyeruhusiwa kusoma, kubadilisha au kufuta taarifa, au kuendesha amri zake ndani ya mfumo wa mwingine. Mianya mingi hugunduliwa na kuzibwa bila mtu yeyote kudhurika. Makala hii inahusu kundi dogo lenye hatari zaidi: mianya ambayo wadukuzi wameshaijua na wanaitumia, hasa katika mifumo ya serikali na ya maofisi, na namna inavyozibwa.

Suala hili si la miji mikubwa pekee. Arash ni kata ya Wilaya ya Ngorongoro katika Mkoa wa Arusha, kaskazini mwa Tanzania. Wenyeji wake wengi ni Wamasai wafugaji. Hata hivyo mwalimu au mhudumu wa afya aliyepangwa huko huomba likizo au uhamisho kupitia mfumo wa watumishi ulioko mtandaoni (ESS), na malipo ya serikali hufanywa kwa kumbukumbu namba inayotolewa na seva iliyo mamia ya kilomita kutoka hapo. Kompyuta yake na seva hiyo zote ni sehemu za mfumo mmoja, na mwanya unaweza kuwa upande wowote.

Mwanya, kiraka na mbio za muda

Programu kubwa huwa na mistari mamilioni ya maelekezo yaliyoandikwa na watu wengi kwa miaka mingi, kwa hiyo makosa hayaepukiki. Kosa likigunduliwa, mtengenezaji huandaa kiraka, yaani kipande cha programu kinachorekebisha sehemu iliyokosewa. Kiraka hutolewa peke yake au pamoja na mengine katika sasisho. Kampuni ya Microsoft, kwa mfano, tangu Oktoba 2003 hutoa viraka vyake kwa kawaida Jumanne ya pili ya kila mwezi.

Mianya inayotangazwa hadharani hupewa namba ya utambulisho inayoanza na herufi CVE, ikifuatwa na mwaka na tarakimu nyingine. Utaratibu huo ulianza mwaka 1999 ili watu wa nchi na kampuni tofauti wajue kwamba wanazungumzia kosa lilelile. Mianya mingi hupewa pia alama za ukali kuanzia 0 hadi 10.

Mwanya ukitumiwa na wadukuzi kabla mtengenezaji hajatoa kiraka, huitwa mwanya wa siku sifuri, maana mtengenezaji hakupata hata siku moja ya kujiandaa. Mianya ya namna hiyo ndiyo inayosimuliwa zaidi katika habari. Lakini ofisi nyingi huvamiwa kupitia mianya ambayo kiraka chake kilikuwapo wiki, miezi au hata miaka kabla ya uvamizi. Sababu yake inashangaza kidogo mara ya kwanza mtu anapoisikia: kutolewa kwa kiraka huongeza hatari kwa yule asiyekiweka. Mdukuzi hulinganisha programu ya zamani na ile iliyorekebishwa, huona ni mahali gani palipobadilishwa, na hapo hujua kosa lilikuwa wapi. Kisha hutengeneza programu inayopita kwenye mtandao mzima ikitafuta mashine ambazo bado hazijarekebishwa. Haichagui ofisi kwa ukubwa wala umaarufu wake. Anwani ya mtandao ya halmashauri ya wilaya na ile ya benki kubwa zote hubishiwa hodi.

Ni vema kutofautisha jambo hili na mashambulizi ya kufurika. Mwezi Julai 2023 huduma za eCitizen nchini Kenya zilikwama kwa sababu kundi lililojiita Anonymous Sudan lilizimiminia maombi mengi kupita uwezo wake. Hapo mlango haukuvunjwa, bali ulizibwa na umati. Kiraka hakisaidii sana dhidi ya shambulio kama hilo.

Kuanza na ipi?

Mwaka 2024 pekee zilitangazwa namba za CVE takriban 40,000. Hakuna ofisi duniani inayoweza kushughulikia zote kwa haraka ileile, sembuse halmashauri yenye maafisa TEHAMA wachache. Kwa muda mrefu ushauri uliotolewa ulikuwa ni kuanza na mianya yenye alama za juu. Ushauri huo una kasoro: mianya mingi yenye alama 9 au 10 haijawahi kutumiwa na mdukuzi yeyote, huku mingine ya alama za chini ikitumiwa kila siku.

Mfano mzuri ni CVE-2023-38831 katika programu ya WinRAR ya kufungua mafaili yaliyobanwa. Alama zake ni 7.8, ambazo hazifiki ngazi ya juu kabisa. Mtu alipokea faili lililobanwa, akaona ndani yake picha au waraka wa kawaida, akabofya ili ausome, na kumbe alikuwa ameanzisha amri iliyofichwa. Wadukuzi walianza kuutumia mwanya huo Aprili 2023, na toleo la 6.23 lililourekebisha lilitoka Agosti mwaka huohuo. WinRAR haijisasishi yenyewe. Ni lazima mtumiaji aende kuchukua toleo jipya. Ofisi ambazo programu hiyo iliwekwa mara moja kwa fleshi na kusahauliwa zilibaki na toleo la zamani kwa muda mrefu.

Tarehe 3 Novemba 2021 wakala wa serikali ya Marekani unaoshughulikia usalama wa mtandao na miundombinu (CISA) ulitoa agizo namba 22-01 lililobadilisha mpangilio huo. Wakala ulieleza kwamba chini ya asilimia 4 ya mianya yote inayojulikana ndiyo iliyowahi kutumiwa katika mashambulizi ya kweli, na kwamba nusu ya hiyo ilianza kutumiwa ndani ya siku 2 tangu kutangazwa. Basi ulianzisha orodha ya mianya inayotumiwa, inayojulikana kwa herufi KEV. Ili mwanya uingizwe humo ni lazima uwe na namba ya CVE, pawe na ushahidi wa kuaminika kwamba umetumiwa, na pawe na hatua inayoeleweka ya kuchukua. Kila mwanya huandikiwa tarehe ya mwisho. Mwanzoni mianya iliyopewa namba kabla ya mwaka 2021 iliwekewa miezi 6, na mipya wiki 2.

Muda huo hufupishwa hatari inapokuwa kubwa. Mwanya wa SharePoint wenye namba CVE-2025-53770 uliingizwa katika orodha tarehe 20 Julai 2025 na tarehe ya mwisho ikawa kesho yake. Kisheria agizo hilo linazibana taasisi za kiraia za serikali kuu ya Marekani tu, lakini orodha yenyewe ni ya wazi na ya bure. Afisa TEHAMA wa Loliondo au wa Mwanza anaweza kuisoma asubuhi kama anavyosoma mtu wa Washington, akailinganisha na vifaa alivyo navyo. Mwezi Septemba 2023 orodha ilivuka mianya 1,000, idadi ambayo bado ni ndogo sana ikilinganishwa na mianya yote.

Mei 2017

Tukio linaloonyesha gharama ya kuchelewa ni kirusi cha WannaCry. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha kosa lililokuwa katika huduma ya Windows ya kushirikiana mafaili. Mwezi uliofuata kundi la Shadow Brokers lilitoa hadharani zana ya kutumia kosa hilo, iliyokuwa imeibwa kutoka kwa wakala wa ujasusi wa Marekani (NSA). Tarehe 12 Mei, karibu miezi 2 baada ya kiraka, WannaCry kilianza kusambaa chenyewe kutoka kompyuta hadi kompyuta kikifunga mafaili na kudai fidia. Kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi takriban 150 ziliathirika.

Huko Uingereza kirusi hicho kilivuruga angalau taasisi 80 kati ya 236 zinazoendesha hospitali za umma. Miadi ya wagonjwa zaidi ya 19,000 ilikadiriwa kufutwa, na magari ya wagonjwa yalielekezwa hospitali nyingine. Tahadhari kuhusu kiraka ilikuwa imeshatolewa kwa hospitali hizo kabla ya tukio. Kilichokosekana ni mtu wa kuhakikisha kwamba kiraka kimefika katika kila mashine, na hilo ni jambo ambalo mara nyingi halimo katika majukumu ya mtu yeyote mahususi.

Kiraka peke yake hakitoshi

Mfugaji anayeziba pengo la boma usiku bila kuangalia ndani huenda akamfungia fisi pamoja na mbuzi. Kwa mwanya ambao tayari unatumiwa, ni lazima kuuliza kama kuna aliyekwisha kuingia. Hapa ndipo ofisi nyingi hukosea, hata zile zinazoweka viraka kwa wakati.

Mwezi Aprili 2018 kampuni ya MikroTik, ambayo ruta zake hutumiwa sana Afrika Mashariki na watoa huduma za intaneti, shule, hoteli na maofisi, ilirekebisha mwanya uliopewa namba CVE-2018-14847. Mwanya huo ulimruhusu mtu aliye mbali kusoma faili lenye majina na nywila za wasimamizi wa ruta. Aliyesasisha ruta yake lakini akaacha nywila ileile alikuwa amefunga dirisha huku ufunguo wa mlango ukiwa mikononi mwa mwizi. Miezi michache baadaye ruta zaidi ya 200,000 duniani zilikuwa zimeingizwa amri za kuchimba sarafu za kidijitali kwa kutumia kompyuta za watu waliokuwa wakipitia ruta hizo.

Jambo lililofanana na hilo lilitokea Oktoba 2023 kwa vifaa vya Citrix, katika mwanya wa CVE-2023-4966. Wadukuzi waliiba vitambulisho vya muda ambavyo mfumo humpa mtumiaji aliyekwisha kuingia. Vitambulisho hivyo viliendelea kufanya kazi hata baada ya kiraka kuwekwa, na havikuhitaji nywila. Ilibidi wasimamizi wawatoe watumiaji wote kwa nguvu ili waingie upya.

Kwa hiyo kazi huwa na hatua kadhaa zinazoshikana. Kwanza hujulikana ni vifaa gani vipo na vina toleo gani; bila daftari la vifaa hakuna anayeweza kujibu swali la kama ofisi imeathirika. Vifaa vinavyoonekana moja kwa moja kutoka mtandaoni, kama ruta, seva za barua pepe na vifaa vya kuingilia mtandao wa ofisi kutoka nje, hutangulizwa. Nakala rudufu huchukuliwa na kuhifadhiwa pasipounganishwa na kompyuta hizo. Kiraka huwekwa, mashine huzimwa na kuwashwa tena (viraka vingi vya Windows havianzi kufanya kazi mpaka hapo, na watu huahirisha ombi hilo wiki baada ya wiki), kisha toleo huangaliwa tena ili kuthibitisha. Baada ya hapo nywila hubadilishwa, akaunti zisizojulikana hutafutwa, na kumbukumbu za mfumo husomwa kurudi nyuma hadi siku mwanya ulipoanza kutumiwa.

Pale ambapo kiraka bado hakijatoka, huduma yenye kosa huzimwa au huwekewa mipaka ili ifikiwe na anwani chache tu. Wakati mwingine kifaa hutolewa kabisa mtandaoni. Tarehe 31 Januari 2024 CISA iliziamuru taasisi za serikali ya Marekani kuchomoa vifaa vya Ivanti Connect Secure ifikapo tarehe 2 Februari. Kuchomoa kifaa ambacho watumishi hukitumia kuingilia kazini ni uamuzi mzito, na ndiyo maana inafaa ijulikane mapema ni nani mwenye mamlaka ya kuutoa.

Mifumo ya pamoja nchini Tanzania

Nchini Tanzania mifumo mingi ya serikali imewekwa pamoja. Malipo kwa serikali hupitia GePG iliyoanza mwaka 2017, matumizi ya taasisi hupitia Mfumo wa Ulipaji Serikalini (MUSE), na manunuzi ya umma hupitia NeST ambayo ilichukua nafasi ya TANePS mwaka 2023. Usimamizi wa jumla wa serikali mtandao uko chini ya Mamlaka ya Serikali Mtandao (e-GA), iliyoundwa kwa Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019.

Mpangilio huo una faida kubwa katika suala la viraka. Seva ikirekebishwa mahali pamoja, watumiaji wa halmashauri zote hunufaika siku hiyohiyo, na wilaya haihitaji mtaalamu wake wa hifadhidata. Hasara yake ni kwamba mwanya mmoja katika seva hiyo ungewagusa wote kwa pamoja. Na kuna upande ambao makao makuu hayawezi kuurekebisha kwa urahisi, nao ni kompyuta inayotumiwa kuingilia. Kirusi kilichoingia kwenye kompyuta ya mhasibu kupitia kivinjari cha zamani husoma nywila inapochapwa. Mdukuzi kisha huingia katika mfumo wa taifa kwa jina la mhasibu huyo, na kwa seva kila kitu huonekana sawa. Kutaka uthibitisho wa pili, kwa mfano namba inayotumwa kwenye simu, hupunguza hatari hiyo.

Ofisi iliyo mbali

Wilaya ya Ngorongoro ni kubwa, na makao makuu yake Loliondo yako mbali na Arusha mjini. Karatu, wilaya jirani, ina nafuu ya kuwa kwenye barabara ya lami itokayo Arusha. Ofisi ya vijijini kama za Arash huweza kukutana na vikwazo ambavyo vitabu vya usalama wa kompyuta havivigusi sana.

Cha kwanza ni bando. Masasisho ya Windows yanaweza kuwa na mamia ya megabaiti au zaidi, na mtumishi anayeunganisha kompyuta kwa simu yake hulipia mwenyewe. Mtu akiweka alama kwamba muunganisho wake ni wa kulipia kwa kipimo, Windows huacha kupakua masasisho mengi yenyewe. Mpangilio huo huokoa fedha, lakini ukisahaulika kompyuta hukaa miezi bila viraka huku mtumiaji akidhani kila kitu kiko sawa. Njia ya kati ni kupakua mara moja na kugawana: Windows 10 na 11 zina mpangilio unaoruhusu kompyuta moja iliyopakua sasisho kuwapa wenzake katika mtandao wa ndani wa ofisi. Kompyuta pia zinaweza kusasishwa zinapopelekwa wilayani kwa kazi nyingine. Sasisho linaweza hata kuchukuliwa kutoka kwenye tovuti ya Microsoft na kubebwa kwa fleshi, ingawa fleshi inayozunguka maofisini ni njia maarufu ya virusi na inapaswa kuchunguzwa kwanza.

Kikwazo cha pili ni programu zisizo halali. Aliyeweka Windows au Office ya kunakili mara nyingi huzima masasisho ili isitambulike. Mwanya wa CVE-2017-11882 katika Office ulikaa miaka 17 bila kutambuliwa, ukazibwa Novemba 2017, na kwa miaka mingi baadaye bado uliendelea kutumiwa kupitia nyaraka zilizotumwa kwa barua pepe. Nyaraka hizo zilifanya kazi pale tu ambapo Office haikuwa imesasishwa.

Cha tatu ni umri wa mashine. Windows 7 iliacha kupewa viraka vya kawaida tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta nyingi zilizotumia Windows 10 haziwezi kupokea Windows 11 kwa sababu ya masharti ya kichakato na vipuri vyake. Ofisi isiyo na bajeti ya kununua mpya inaweza kuweka mfumo wa Linux unaoendelea kupewa viraka bila malipo, maana mifumo inayofunguliwa kwa kivinjari haidai Windows. Ikishindikana, mashine ya zamani hubakizwa kwa kazi za kuchapa na kutolewa mtandaoni.

Taarifa na sheria

Kitengo cha taifa cha kushughulikia matukio ya usalama wa kompyuta nchini Tanzania, TZ-CERT, kiko ndani ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) na hutoa tahadhari kuhusu mianya mipya. Kenya ina KE-CIRT/CC chini ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na Uganda ina CERT.UG. Takwimu za vitengo hivi zinahitaji kusomwa kwa makini. Kenya ilitangaza matukio ya vitisho zaidi ya bilioni 2.5 katika miezi 3 ya kwanza ya mwaka 2025, lakini tukio katika hesabu ya aina hii linaweza kuwa hodi moja tu ya programu inayotafuta mianya. Si idadi ya ofisi zilizovamiwa.

Anayegundua mwanya katika mfumo wa serikali anapaswa kuutoa taarifa kwa mwenye mfumo au kwa kitengo cha taifa, bila kuujaribu mwenyewe. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahesabu kuingia katika mfumo wa kompyuta bila ruhusa kuwa kosa, na wanafunzi wa TEHAMA wanaopenda kujaribu ujuzi wao wana maabara za mafunzo zilizotengenezwa kwa ajili hiyo. Kwa upande wa ofisi, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023 inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, ziwe za mgonjwa wa hospitali ya rufaa au za mama aliyeandikishwa kliniki kijijini.